Saa Tatu, Isipite

Bomba lilikohoa mara mbili, likatema matone ya kutu, likanyamaza. Fundi aliligonga kwa kiganja kama mtu anayemgonga mgonjwa mgongoni, lakini halikujibu. Nyuma yake, juu ya kitanda chembamba kilichotandikwa plastiki, mjukuu wangu alikuwa amelala chali, uso mzima umepakwa dawa ya njano, nzito kama rangi ya mlango. Pembe za macho, tundu za pua na midomo zilikuwa zimezungushiwa mafuta ya mgando, dawa isije ikapenya pasipotakiwa.

"Maji yamekatika," Fundi akasema. "Na ndoo nimeimalizia kwa mteja wa alfajiri."

"Basi nitembee hivi hivi," mjukuu wangu akajibu bila kufungua macho. "Watu watadhani embe limeiva."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Tulimwita Chiriku tangu alipojua kusema, kwa sababu tangu siku hiyo hakuwahi kuacha. Mama yake, binti yangu, alitangulia mbele ya haki akimwacha hajaota meno ya pili, nami nikamlea. Nilimwita mke mwenzangu, naye akaniita mzee wa zamu. Nyumba ya watu wawili, lakini kelele zake za watu kumi.

Chunusi zilimwingia akiwa na miaka kumi na minne, na zilipotoka zilisahau kuondoa nyayo zao. Shuleni walimwita Nanasi. Alipopata kazi ya kukata tiketi dirishani, mzee mmoja aliinama akamtazama kupitia kioo cha dirisha akauliza, "Binti, hiyo ni sura au jiwe la kusugulia visigino?" Foleni nzima ikacheka, na Chiriku akacheka kuwazidi. Jioni ile alikigeuza kioo chetu kikatazama ukuta.

Kwa hiyo tulipofika kwa Fundi, mwanamke aliyechubua makovu ya uso, hatukufika kwa anasa. Wala yeye hakuwa mbabaishaji, hilo nataka lijulikane mapema. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la mshonaji. Chupa zimepangwa kwa kimo kama watoto kwenye gwaride, kila mteja na taulo lake, cheti kimetundikwa ukutani. Alimrudisha Chiriku mara mbili mpaka chunusi mbichi zikauke. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mzito. Neno lake moja lilifanya kazi ya matatu, na hapo ndipo shetani alipopata kiti.

"Mteja mwingine anakuja, na nyumbani kwenu si mbali," aliniambia. "Nendeni mkaoshee huko. Maji ya baridi, mengi. Saa tatu, Bibi. Isipite saa tatu."

Nilikuwa nimesimama kizingitini, mlango nimeupa mgongo, natafuta kiatu changu kwa kidole cha mguu. Alipokuwa akisema, macho yake yalipanda juu ya kichwa changu, yakatulia hapo, yakarudi kwangu.

"Saa tatu," nikarudia. "Haipiti."

"Haipiti," akasema.

Chiriku alikwisha toka. Alikuwa kwa mshonaji akimwonyesha uso wa njano, na cherehani ilisimama kwa kicheko. Maneno yale yalisikiwa na watu wawili tu.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na fimbo aliyoiita Sarufi, na mtu akisema "masaa" Sarufi ilimshukia. "Saa haina wingi!" alikuwa akifoka. "Saa moja, saa mia, ni saa hiyo hiyo!" Ndiyo maana niliposikia Fundi anasema saa tatu, si masaa matatu kama vijana wa siku hizi, moyo wangu ulichanua. Nikasema moyoni, huyu naye amepigwa na Sarufi. Nilitoka pale nimevimba kichwa kwa kumwelewa.

Tulipofika nyumbani mishale ilionyesha saa mbili na dakika arobaini. Nikakunja vidole: mbili, tatu, nne, tano. Saa tano na dakika arobaini tutaosha. Nikajaza beseni maji ya mtungini, nikalifunika kwa sinia lisiingie vumbi, nikaliweka juu ya kigoda hatua nne kutoka pale alipoketi. Nilikuwa tayari kabisa. Nadhani hakuna bibi aliyewahi kuwa tayari kuliko mimi.

Kupisha muda, nikaanza mchezo wetu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mchana kutwa anatembea, jasho halimtoki, na ukutani hajabanduka."

"Saa. Hicho cha watoto wachanga, Bibi. Niletee cha watu wazima."

"Nina mwenzangu, nikicheka anacheka, nikilia analia, lakini nikimwita haitiki."

"Kioo." Akaelekeza kidole ukutani. "Huyo tutapatana naye leo."

Saa nzima haijatimia, akaanza kukunja vidole vya miguu. Akasema uso unawasha. Nikasema Fundi alisema utawasha. Akasema unaunguza. Nikasema, ukitaka uzuri sharti udhurike. Tulisema methali katika nyumba ile kama wengine wanavyosema hodi, hatukuzichungulia ndani.

"Bibi, tuoshe."

"Bado."

"Angalia basi, kuna nini hapa shavuni? Nasikia kama pasi."

Niliangalia. Dawa ilikuwa imekauka ikapasuka vijistari, na chini ya vijistari nikaona weupe, kama chumvi ya jasho juu ya shati. Nikamwambia ni dawa inafanya kazi. Alisimama akaenda kwenye beseni. Nikamtangulia. Nikamshika mikono yote miwili, nikamrudisha mkekani, nikaketi naye hivyo, viganja vyake ndani ya vyangu, na viganja vyake vilikuwa vimeloa.

"Kitendawili," nikasema.

Alilitazama beseni.

"Kitendawili, mke mwenzangu."

"Tega."

"Nguo yangu nimezaliwa nayo. Ikichakaa sinunui, nikiivua sina ya kubadilisha."

Alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka, na kila yalipopita yalichora mfereji juu ya ile njano, na alipumua kwa meno.

"Nipe mji, basi," nikasema.

"Chukua mji, Bibi. Chukua miji yote. Unioshe tu."

"Ngozi," nikamwambia. "Jibu ni ngozi. Bado saa moja."

Nilimwosha saa tano na dakika arobaini kamili. Haikupita.

*

Hospitalini muuguzi aliuliza dawa ilikaa muda gani. Nikasema saa tatu. Aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Masaa matatu?" Nikasema ndiyo, kama tulivyoelekezwa. Alimtazama Chiriku, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na uvimbe kama mikate miwili, kisha akaandika, na aliandika kwa muda mrefu.

Mwanangu, mjomba wake Chiriku, ni fundi wa magari, na hasira zake zinawaka kama injini ya dizeli: zinachelewa kushika, lakini zikishika hazizimiki kwa funguo. Kesho yake tulikuwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, katika ofisi yenye meza moja na madirisha mawili yaliyojaa vichwa vya watu. Fundi alikuja na cheti chake ndani ya bahasha.

"Ulimwambia nini mama yangu?" mwanangu akamuuliza.

"Nilimwambia saa tatu."

"Mmesikia? Mwenyekiti, umesikia? Amekiri mwenyewe! Saa tatu! Hata nyama haikai motoni saa tatu!"

Madirisha yakanguruma. Fundi alisimama, bahasha ikaanguka. "Saa tatu ya asubuhi, ndugu yangu! Nilimpaka saa mbili na nusu! Nusu saa tu! Mtu gani anapaka dawa ile saa tatu nzima?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa polepole, kama watu wanavyosimulia. Ilikuwa kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mwenyekiti alinigeukia kwa upole. "Bibi, alitaja asubuhi?"

"Hakutaja asubuhi."

"Alisemaje, neno kwa neno?"

"Alisema, saa tatu, Bibi. Isipite saa tatu."

Kweli tupu. Kila neno lililotoka kinywani mwangu lilikuwa kweli, na kila neno lilikuwa jiwe, na nililiona linakotua.

"Fundi anadai," mwenyekiti akaendelea, "kwamba alipokuwa akikuambia aliitazama saa yake ya ukutani, iliyo juu ya mlango. Ulimwona akiitazama?"

Fundi alifuta machozi akanitazama. Mwanangu alinitazama. Vichwa vya madirishani vilinitazama. Nikawaza juu ya yule mtoto kitandani, atakapofungua macho, kwamba mtu wa kwanza atakayetaka kumwona ni mimi. Nikawaza beseni lile, hatua nne.

"Sikuona," nikasema.

Neno moja tu. Halikunichukua hata pumzi.

Chumba kilifungwa siku ile ile. Mwanangu alimwaga chupa zote kwenye mtaro, moja baada ya nyingine, na maji ya mtaro yakageuka rangi. Watoto walipata jina jipya la kupigia kelele, Mchoma Nyuso, na Fundi akaacha kupita njia ya sokoni.

*

Muuguzi alinipa maagizo ya kumtunza. Maji yaliyochemshwa yakapoa, bila sabuni. Mafuta ya mgando, kidogo, mara mbili kwa siku. Alale chali. Asiguswe na jua, hata la dirishani. Na ngozi ikianza kuinuka, isivutwe. Iachwe ianguke yenyewe, na ikining'inia ikatwe kwa mkasi uliochemshwa.

"Mara mbili ni lini na lini?" nikamuuliza.

"Asubuhi na jioni, Bibi."

"Niandikie."

Akaandika. "Chora," nikasema. "Chora jua linapotoka, na jua linapozama." Alinitazama akidhani nimeanza kuzeeka akili, lakini alichora.

Siku ya nne niliamka nikakuta kipande cha uso wake kwenye foronya. Kilikuwa chepesi kama ganda la kitunguu, na kilikuwa na alama ya unyusi upande mmoja. Nilikiokota kwa kitambaa nikasimama nacho katikati ya chumba. Kucha mtu hutupa. Nywele mtu huchoma. Uso hutupwa wapi? Nilikaa nacho mfukoni mwa gauni siku mbili, na mpaka leo sitasema nilikipeleka wapi.

Chiriku hakusema. Hakuweza, gaga la vidonda lilimfunga pembe za mdomo, na akijaribu lilipasuka likatoa maji. Alikuwa akigonga ubao wa kitanda, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Nyumba ile, ambayo nilizoea kuiambia inyamaze nisikie redio, ilinyamaza. Kila asubuhi na kila jioni nilimpaka mafuta kwa ncha ya kidole kidogo, kwa sababu ndicho chenye uzito mdogo kuliko vyote, na kila nilipompaka alifumba macho, akaniachia uso wake wote kama alivyoniachia zamani nilipokuwa namkosha matope. Alikuwa ananiamini. Hilo ndilo lililokuwa likinichubua. Laiti angelikigeuza kichwa pembeni mara moja tu.

Majirani walikuja kutoa pole. "Mungu amlaani yule mwanamke," walisema, nami niliwakaribisha chai. Mmoja akasema amemwona Fundi akibeba matita ya nguo za watu kwenda kuzifua, mgongo umepinda. "Malipo ni hapa hapa duniani," akasema, akachovya mkate. Nikaitikia, "Ni hapa hapa."

Wiki ya tatu gaga liliachia. Upande wa kulia wa uso ulitoka mwekundu, laini, kama wa mtoto aliyetoka kuzaliwa. Upande wa kushoto ulitoka mweusi, umekaza, ukiivuta pembe ya mdomo juu kidogo, hata akawa daima kama mtu anayetaka kutabasamu akaghairi. Alikigeuza kioo mwenyewe. Akajitazama. Kisha akakaa kitandani.

"Bibi," akasema. Sauti ilikuwa na kutu. "Siku ile mimi nilikuwa nje. Fundi alisemaje hasa?"

Ningeweza kumpa yale yale niliyompa mwenyekiti, neno kwa neno. Yalikuwa mdomoni, yamekwisha tafunwa. Kopo la mafuta lilikuwa mkononi mwangu na mfuniko nimeufungua.

"Alisema saa tatu," nikasema. "Akatazama ukutani. Juu ya mlango kuna saa. Alisema saa tatu ya pale ukutani, mjukuu wangu, nami nikasikia saa tatu za kuhesabu. Ilikuwa nusu saa."

Aliligusa shavu lililokaza.

"Na ulipoulizwa kama alitazama?"

"Nilisema sikuona."

"Lakini uliona."

"Niliona."

Nikapiga magoti. Magoti yangu hayapendi sakafu, lakini niliyalazimisha. Nikafungua mdomo kuomba, naye akainua mkono, kiganja kikanitazama.

"Usianzie kwangu, Bibi. Kusikia vibaya, hata mimi ningesikia vibaya. Lakini mimi nakula mkononi mwako, nalala chini ya bati lako. Ukiniomba msamaha nitafanya nini zaidi ya kutoa?" Alipumua, kwa sababu maneno mengi bado yalimuuma. "Yule mama, amekula nini leo?"

Kisha akanyoosha mkono akachukua lile kopo. "Leo nitajipaka mwenyewe," akasema, akanipa mgongo.

*

Mwanangu nilipomwambia, aliweka spana chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Mama, nimemwaga dawa za mtu mbele ya mtaa mzima. Unataka nikazizoe mtaroni?" Mwenyekiti naye alikuna ndevu. "Jambo limekwisha poa, Bibi, na wewe unalipuliza. Karatasi nimeshaipeleka juu." Nikamwambia, basi andika nyingine, uipeleke huko huko juu, na uandike kwamba bibi alidanganya. Aliandika. Nikaweka dole gumba, ingawa najua kutia saini. Kalamu niliisukuma pembeni.

Kwa Fundi nilikwenda siku ya tatu yake. Chiriku hakuwa amesema nami tangu jioni ile isipokuwa "shikamoo" na "nimeshiba". Nilipotoka mlangoni nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa amejifunga mtandio mpaka machoni, mwavuli mweusi ameufungua. Hakunikaribia. Tulitembea hivyo, mimi juani mbele, yeye kivulini nyuma, na watu waliacha mazungumzo yao kutupisha.

Fundi alikuwa uani, amezungukwa na makarai, mashuka ya watu yamelowekwa. Mikono ile niliyoikumbuka laini ilikuwa imeparara mpaka kwenye viwiko, kucha zimeliwa na sabuni. Aliniona, akaendelea kukamua shuka.

Nilisimama nikayasema yote. Sikuyapamba. Nilisema kuhusu macho yake yaliyopanda juu ya kichwa changu, na kuhusu neno langu moja ofisini, na kwamba nimeliandikisha kwa mwenyekiti kama lilivyo. Shuka lilikwisha kutoa maji, lakini aliendelea kulikamua.

"Nilijua," akasema hatimaye. "Uliposema hukuona, nilikuwa nakutazama. Nilijua umeona." Akalitupa shuka kwenye kamba. "Siku zile nilikuwa najiuliza kama ni mimi nilisema vibaya. Nililala nikilirudia lile neno. Kumbe ulikuwa na jibu langu nyumbani kwako, umelifungia."



Akafuta mikono kwenye gauni. Nilidhani anakuja kwangu, nami niliusogeza uso wangu tayari, apige. Alinipita. Alikwenda kwa Chiriku, pale kwenye ukuta penye kivuli, akamfungua mtandio bila kuuliza, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuza uso ule kuelekea kwenye mwanga, kushoto, kulia, kushoto tena. Alikunja uso kama fundi anavyokunja uso mbele ya kazi iliyoharibiwa na mwingine.

"Unapaka nini?"

"Mafuta ya mgando."

"Mengi mno. Ngozi haipumui. Na huku kunakaza, unasikia? Weka kidole hapa. Bonyeza. Zungusha hivi, polepole, usisugue. Inauma?"

"Kidogo."

"Kidogo gani? Usiniambie kidogo, niambie inavyouma."

Chiriku akaanza kumwambia. Alianza kwa neno moja moja, kisha maneno yakashikana mikono, na nikaisikia sauti ile ambayo zaidi ya wiki tatu sikuwa nimeisikia, ikipanda, ikikatiza, ikirudi nyuma kueleza tena, na Fundi akiitikia kwa koo huku kidole chake kikizunguka juu ya shavu lililokaza.

Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye tope la sabuni. Karai lililokuwa karibu nami lilikuwa na mashuka yaliyofuliwa ambayo hayajasuuzwa, na povu lake lilikuwa likizimika. Nikavua viatu. Nikapandisha mikono ya gauni, nikainama, nikaanza kusuuza.

Fundi aligeuza kichwa akaona. Hakunizuia, wala hakunisogezea kigoda.